Makoti Yaliyopiga Kura

Mwezi wa tatu wa mwaka 1957, mji wa Thika uliingiwa na homa ambayo hospitali haikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa homa ya uchaguzi. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba Waafrika, kwa mara ya kwanza, watawachagua watu wao wa kwenda kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Ikatangaza pia kuwa wapiga kura hawatalingana: wako wa kura moja, wako wa kura mbili, na aliyejaaliwa elimu, mali na utumishi wa miaka mingi, huyo atapewa kura tatu peke yake. Mafundi wa Thika na Ruiru walilisikia jambo hilo wakalijadili misumari ikiwa midomoni, na kwa kuwa wengi wao hawakupata katika uchaguzi ule hata nusu ya kura, wakakata shauri kufanya uchaguzi wao wenyewe.

Chama chao kiliitwa Umoja wa Mafundi, nacho kilikuwa na watu hamsini na watatu: maseremala, waashi, washona viatu, vinyozi na washona nguo. Hata jina la cheo cha kiongozi wao liliwapandisha mori.

"Mwenyekiti kila chama cha maziko kinaye," alisema Wambua, kinyozi. "Sisi tunataka Rais. Na kura zetu ziwe moja, mbili na tatu, kama za Serikali. Kwani sisi tumepungukiwa na nini?"

Wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama kilichokuwa kinafaa kwa Serikali kiliwafaa na wao. Aghalabu mtu huiga nguo ya tajiri kabla ya kujipima kifua.

Katika watu hao hamsini na watatu, mwanamke alikuwa mmoja tu, naye ni Mbula, mjane wa Kikamba ambaye watu walizoea kumwita Mama Ndinda. Alishona nguo barazani kwa duka la Mhindi mmoja karibu na soko, kwa cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwake yeye uchaguzi ule haukuwa mchezo. Mwenye duka alikuwa amemwita, akampa chai yenye iliki, kisha akamwambia kwa upole mwingi kwamba mwisho wa mwezi baraza litajengwa ukuta ili duka lipate kupanuka. Mbula alipouliza aende wapi, Mhindi yule alimwongeza chai.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu. Baraza la mji lilikuwa limemaliza kujenga banda la mabati ubavuni mwa soko, kwa ajili ya mafundi, nalo lilikuwa na nafasi kumi na mbili. Maafisa walisema hawataki kelele za watu hamsini. Rais wa Umoja, akishachaguliwa Jumapili, alete majina kumi na mawili asubuhi ya Jumatatu. Basi atakayekuwa Rais ndiye atakayesema kama Mbula atakuwa na paa juu ya kichwa chake au atashona chini ya mawingu, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Waliougombea urais walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Gachanja, seremala wa Ruiru, mzee wa kanisa, aliyesoma hadi darasa la nane akapata hati ya shule ya ufundi, hati ambayo aliitia katika fremu ya mvule aliyoichonga mwenyewe. Wa pili alikuwa Mzee Nzau, mshona viatu wa Thika, askari wa zamani aliyefika Burma, ambaye hakujua kusoma ila nambari za viatu.

Siku ya Ijumaa, barazani pale, mjadala ulifika kilele chake. Wambua alikuwa ameweka kiti chake cha kunyolea kando ya cherehani ya Mbula, na juu ya kiti hicho alikaa Kagwe, mwashi mnene mwenye sauti ya ngoma, mume wa dada yake Wambua. Kagwe alikuwa mtu wa Gachanja. Wambua alikuwa mtu wa Nzau. Na wembe ulikuwa mkononi mwa Wambua.

"Sema tena, shemeji," alisema Wambua, akimpaka povu. "Unasema Nzau hana nini?"

"Hana sifa," alijibu Kagwe. "Gachanja ana hati. Ana kalamu mbili mfukoni, na zote mbili zina wino. Nzau ana nini?"

"Ana maarifa! Kule Burma alishona viatu vya askari mia na ishirini, na hakuna aliyerudi peku."

"Hao ni wale waliorudi."

"Usitikisike, shemeji. Wembe hauna chama."

Watu waliokuwa wamesimama barazani walicheka. Mbula alisimamisha gurudumu la cherehani, akasikiliza.

"Baraza la mji likimwandikia barua, atafanya nini?" aliendelea Kagwe, safari hii bila kutikisa kidevu. "Mwaka juzi alipelekewa barua ya kodi ya mbwa. Mnajua alifanya nini? Aliipigilia ukutani! Alipenda muhuri wake!"

"Kwani alikuwa na mbwa?"

"Hana!"

"Basi alikosa nini? Barua ilipotea njia, yeye akaipa malazi."

Kicheko kilipanda hata wachuuzi wa sokoni wakageuka. Wambua, ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko chombo chake cha kazi, aliinua wembe juu akaimba:

"Hati ni karatasi tu, ikinyeshewa hulowa,
Kiatu cha Nzau wetu, njia zote chavaliwa!"

Wafuasi wa Nzau waliurudia ubeti ule wakipiga miguu chini. Lakini Kagwe naye hakuwa mwashi wa matofali tu. Maneno nayo alijua kuyapanga. Aliondoa kitambaa shingoni, akainuka na povu lake nusu uso, akajibu:

"Kiatu hakina macho, barua chaisomaje?
Afisa aandikacho, Nzau atakijibuje?"

"Ngai! Mungu wangu!" wakapiga kelele wafuasi wa Gachanja. "Amewajibu! Amewajibu!"

"Kaa chini nikumalize," alisema Wambua.

"Simalizwi na mtu wa Nzau!" alisema Kagwe, akashuka ngazi za baraza, shavu la kulia likiwa laini kama yai na la kushoto likiwa msitu, akaenda zake sokoni akiimba ubeti wake kwa kila aliyemkuta.

Ndipo alipotokea Gachanja mwenyewe juu ya baiskeli, akitoka Ruiru, msumeno umefungwa nyuma. Alishuka, akavua kofia. Alikuwa mtu wa adabu, jambo ambalo hata maadui zake hawakumnyima.

"Wĩ mwega, Mama Ndinda," alimsalimu kwa Kikuyu.

"Sijambo, Baba Wamboi. Njoo nikuulize neno. Ukiwa Rais, zile nafasi za banda utazigawaje?"

"Kwa haki," alijibu Gachanja pasi na kusita. "Kwa sifa za mtu. Wenye kura tatu kwanza, kisha wenye mbili, kisha wenye moja."

"Wenye tatu ni wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Mbula hakuhitaji hati ya shule kuihesabu hesabu hiyo. Kumi na moja zingekwenda, ingebaki nafasi moja, nayo ingegombewa na wenye kura mbili. Yeye alikuwa na kura moja.

Tena alikuwa nayo kwa kuonewa, hivyo alivyoona mwenyewe. Siku ya Alhamisi, Opiyo, karani wa stesheni ya reli, alikuwa amekuja kuwaandikisha. Opiyo alichaguliwa kuusimamia uchaguzi kwa kuwa hakuwa fundi wala hakuwa jamaa ya mtu, na kwa kuwa alikuwa na filimbi. Kanuni ilikuwa wazi: kila mwanachama ana kura moja, mwenye miaka kumi ya ufundi ana ya pili, na mwenye hati ya shule juu ya hayo ana ya tatu.

"Ulianza kushona lini, mama?" alikuwa ameuliza Opiyo.

"Mwaka wa nzige, vita vilipokuwa vinakwisha."

"Una barua ya tajiri yeyote? Una hati?"

"Nzige hawakuandika hati, mwanangu."

"Pasipo ushahidi siwezi," alisema Opiyo kwa huruma, akaandika: moja. Mbula alikuwa na suruali tatu za kumaliza siku ile, akaliacha jambo lipite. Leo, mbele ya Gachanja, lilimrudia.

"Na mimi, Baba Wamboi?" aliuliza. "Ukuta wa Mhindi unakuja."

Gachanja alitazama chini. "Mama, nikianza kumpendelea mmoja, kesho kila mtu atakuja na ukuta wake. Sheria ni sheria." Akapanda baiskeli. Mbula alimtazama akienda. Angependa kumchukia, lakini neno lile lilikuwa na uzito wake, na jambo hilo ndilo lililomkera zaidi.

Alipomwendea Nzau na swali lile lile, mzee hakuinua hata macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiipiga. "Asiye na paa kwanza," alisema. "Wenye paa wana haraka gani?"

Hapo ndipo Mbula alipojua pa kusimama.

Siku ya Jumapili ilifika. Kibali cha Bwana DC, maana siku hizo za Hali ya Hatari watu hawakukusanyika bila kibali, kilisema mkutano uanze saa tisa na uwe umekwisha saa kumi na mbili kamili. Uwanja wa mpira ulijaa mafundi, wake zao, na watazamaji ambao walikuja kwa sababu hapakuwa na mchezo mwingine siku ile. Opiyo alikuja amevaa sare yake ya reli, filimbi shingoni, bendera ya kijani mkono mmoja na nyekundu mkono wa pili.

Hapakuwa na sanduku la kura, kwa maana nusu ya wanachama hawakusoma. Walikubaliana kupanga mistari, kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake. Lakini mtu mwenye kura tatu ana mwili mmoja. Atasimamaje mara tatu? Tatizo hilo liliwahi kuwanyima watu usingizi, hata Opiyo akaleta ufumbuzi ambao wote waliuona kuwa ni ufunuo. Mwenye kura mbili ataweka kofia yake chini nyuma yake. Mwenye kura tatu ataweka kofia na koti. Vitahesabiwa vyote, mtu na vazi, kama mabehewa ya gari moshi. Kanuni hiyo iliandikwa daftarini: *ataweka vazi lake mwenyewe.*

Opiyo alipuliza filimbi. Watu wakakimbia.

Loo, ulikuwa msitari wa ajabu ule wa Gachanja! Watu wake walikuwa wachache, lakini nyuma ya kila mmoja palilala kofia na koti, kofia na koti, vimetandazwa majanini kwa heshima kana kwamba wenyewe wameyeyuka kwa jua wakaacha nguo. Msitari wa Nzau ulikuwa mrefu, wenye vifua wazi na miguu peku, na kofia moja moja hapa na pale. Wafuasi wa Nzau waliyacheka makoti yale.

"Karibuni, waheshimiwa!" Wambua aliyasalimu makoti. "Watoto hawajambo?"

"Yacheke tu," alijibu Kagwe kutoka upande wa pili, ndevu zake zikiwa bado nusu. "Koti langu lina akili kuliko msitari wenu mzima."

Opiyo alihesabu akipunga bendera kwa kila kichwa na kila vazi. Alirudi mwanzo akahesabu tena. Kisha akatangaza: "Gachanja, arobaini na nne. Nzau, arobaini na moja."

Upande wa Gachanja ulilipuka kwa vigelegele. Wake zao waliruka, na Ngina, mkewe Gachanja, alimkumbatia mwanamke asiyemjua. Mbula, katikati ya msitari wa Nzau, aliuona ukuta wa Mhindi ukipanda tofali kwa tofali. Hakutaka kuutazama uso wa mtu, akatazama chini, na kwa kutazama chini macho yake yakaangukia koti lililolala nyuma ya Kagwe.

Lilikuwa koti la kijivu. Bega lake la kushoto lilikuwa limeinuka kuliko la kulia.

Mshonaji humjua mteja kwa koti kama mchungaji anavyomjua ng'ombe kwa pembe. Mbula alilijua bega lile. Alikuwa amelijaza pamba kwa mikono yake miwili, kwa sababu mwenye koti, kwa kuinua mkono wa kulia kunyoa watu miaka kumi na mbili, bega lake la kushoto lilikuwa limelala chini.

"Karani!" aliita. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hilo koti si la Kagwe! Hilo koti nilimshonea Wambua!"

Watu wote waligeuka. Wambua alitoka msitarini, akalitazama koti, akashika kichwa.

"Aiya! Koti langu! Limefikaje kwa Gachanja?"

"Lilikuja na dada yako," alisema Kagwe, naye alianza kutokwa jasho.

"Jana dada alikuja akaniambia unataka koti la kwendea kanisani!"

"Nami nilikwenda kanisani. Kisha nikaja hapa."

"Mimi nasimama kwa Nzau, na koti langu linampigia Gachanja!" Wambua aligeuka huku na huku akitafuta shahidi mbinguni na ardhini. "Jamani, nimesalitiwa na nguo yangu mwenyewe! Nimelipiga pasi asubuhi ya jana, nikalifunga vifungo, kumbe nalipeleka kwa adui!"

Watu walicheka hata wengine wakaketi chini. Kagwe hakukubali kushindwa. "Mimi nina kura tatu kwa haki! Nina hati! Kosa langu ni kuwa sina koti. Kura ni ya mtu au ya koti?"

Swali hilo, kwa kweli, lilikuwa zito, na wanachama waliligawanyikia papo hapo, wakisahau mistari. Wengine walisema kura ni ya mtu na koti ni mfano tu. Wengine wakasema ikiwa ni mfano tu, basi yeye na aweke jiwe. Opiyo alipuliza filimbi, akafungua daftari, akasoma kwa sauti: "'Ataweka vazi lake mwenyewe.' Lake. Si la shemeji. Kila mtu avae vazi alilolileta, nitazame."

Kagwe alilichukua koti la Wambua, akaingiza mkono mmoja. Wa pili ulikataa. Alivuta pumzi, akaingiza tumbo ndani, akasukuma. Na mbele ya umma wote mshono wa mgongo ukapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni kwa mlio uliosikika golini.

"Utalishona!" alipiga kelele Wambua.

"Nitalishona mimi," alisema Mbula. "Sogeeni karani apite."

Walipatikana wawili wengine waliokuwa wameazima makoti, mmoja kwa jirani na mwingine kwa baba mkwe. Opiyo aliyafuta matatu yale kwa mistari mitatu ya wino. Kisha akatazama hesabu, akaitazama tena, akakohoa.

"Arobaini na moja," alisema. "Na arobaini na moja."

Hapo kicheko kilikatika. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti ya kahawa, na askari aliyeletwa kuulinda mkutano alikuwa anatazama saa yake. Wengine walisema warushe sarafu, wengine wakasema wagombea wapigane mieleka. Gachanja na Nzau walitazamana, na kila mmoja, kwa miaka yake, akaonekana kuomba isiwe mieleka.

Mbula alipiga hatua mbele.

"Karani, nina kura ya pili ambayo hukuiandika."

"Mama, tulikwisha zungumza. Ushahidi?"

"Ushahidi upo. Umelala pale majanini." Akanyoosha kidole, na kidole hakikumwelekea Kagwe wala mwingine wa wale. Kilielekea koti jeusi lililokuwa mbele kabisa, koti la Gachanja mwenyewe. "Hilo nililishona mimi, mwaka mmoja baada ya nzige. Miaka kumi na moja sasa. Lifunueni ndani."

Opiyo alimtazama Gachanja. Gachanja hakusema kitu. Alijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba neno lake moja lingetosha. Mwanamke hakuwa na hati wala barua, na koti lilikuwa lake. Angeweza kusema alilinunua Nairobi, na nani angembishia? Urais ulikuwa mbele yake, umbali wa pumzi moja.

"Baba Wamboi!" Sauti ilitoka kwa watazamaji. Ilikuwa ya Ngina. "Mbona umenyamaza? Koti ulilovaa siku ya kunioa lilitoka wapi? Au ulinioa umevaa gunia?"

Uwanja ulitikisika. Gachanja aliuma mdomo, mabega yakaanza kumtetemeka, na watu walidhani analia mpaka walipoona kuwa anacheka. Aliinama, akaliokota koti, akaligeuza ndani nje mbele ya Opiyo.

"Mama, njoo umsomee," alisema. "Mimi ndiye mwenye hati, lakini haya maandishi ni yako."

Mbula alipitisha kidole ubavuni mwa koti. "Huu mshono wa ndani kabisa ni wa harusi. Alikuwa mwembamba kama ufito. Huu wa pili nilimtanulia mwaka aliopata kazi ya madawati ya shule. Na huu wa tatu ni wa mwaka juzi."

"Huo wa tatu ni wa viazi vyangu!" alisema Ngina, na wanawake wakampigia vigelegele.

"Na safari hii," Mbula alimalizia, "kitambaa cha kutanulia kimekwisha. Ukinenepa tena, Baba Wamboi, utahitaji koti jipya."

Opiyo aliinama, akaiona mishono mitatu, mmoja umefifia, mmoja wa kahawia, mmoja mpya. Akamtazama Gachanja mara ya mwisho.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Gachanja. "Mwandikie mbili."

Mbula aliivua leso yake begani, akaitandaza nyuma yake katika msitari wa Nzau. Opiyo aliinua bendera ya kijani. "Nzau, arobaini na mbili!"

Yaliyofuata hayaelezeki kwa utaratibu, kwa sababu hayakutokea kwa utaratibu. Mzee Nzau aliinuliwa juu, akapoteza kiatu kimoja, yeye mshona viatu, wala hakijapatikana hadi leo. Kagwe alimkumbatia Wambua akiwa bado amenaswa na nusu ya koti. Na Wambua, katikati ya shangwe za upande wake mwenyewe, alisimama ghafula akamtazama Gachanja kwa muda.

"Jamani," alisema, "siku tatu nawauliza watu sifa za mtu huyu ni zipi. Sasa nimeziona, nami nimekwisha simama huku!"

Mbula alilisikia neno hilo, nalo lilimchoma kidogo katikati ya furaha yake. Kama Opiyo angepuliza filimbi tena papo hapo, asingejua kwa yakini miguu yake ingemchukua wapi. Lakini filimbi iliyopulizwa ilikuwa ya askari, kwa maana saa kumi na mbili ilikuwa imefika, na watu wakatawanyika wakikimbia na kuimba beti zote mbili kwa pamoja, kila mmoja akichanganya mistari.

Kabla hawajaachana, Nzau alikuwa amemshika Gachanja mkono.

"Wewe utakuwa katibu. Mimi barua huzipigilia ukutani."

"Nimesikia," alisema Gachanja.

Usiku haukuwa umeingia bado walipokaa barazani kwa Mhindi, Nzau akitaja majina na Gachanja akiandika kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la nane. La kwanza likaandikwa: Mbula, mshona nguo. Gachanja mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na karakana yenye paa huko Ruiru, hakupata nafasi. Aliiandika orodha nzima isiyokuwa na jina lake, akaipulizia wino ukauke, akaikunja mara mbili.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, orodha ilipokubaliwa, wanaume wanne walikuja barazani kuichukua cherehani. Mbula aliwaambia wawili wanatosha. Hawakusikia. Waliinua meza yake mabegani kama wanavyoinuliwa maharusi, Kagwe mbele kwa sababu ya unene wake, na msafara ukaingia barabara ya soko, wachuuzi wakipisha na kupiga makofi, mtu akipiga debe, mwingine akiimba. Mhindi alitoka mlangoni akapunga mkono.

Mbula alitangulia mbele, mkasi shingoni, akitembea kinyumenyume ili awaone vizuri, akiwakaripia njia nzima:

"Polepole hapo! Kagwe, usiliguse gurudumu! Nimesema usiliguse! Shusheni upande wa kushoto, kuna shimo! Hivi nyinyi ni mafundi au ni nzige?"

Nao walicheka hata meza ikayumba, naye akazidi kuwakaripia, mpaka wakafika mlangoni mwa banda, akawaonyesha pa kuiweka: pale palipokuwa na mwanga mwingi, mbali na maseremala na vumbi lao.